Tumemficha mama hali yake, na kaka hataki kusikia neno hospisi

Shikamoo Bibi.

Tumezaliwa watatu, mimi ndiye wa katikati. Mama yetu ana miaka 71. Mwaka jana alikutwa na saratani ya kongosho, na ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye ini. Alitumia dawa za saratani kwa miezi mitano. Mwezi uliopita daktari alituita sisi watoto pembeni, mama akiwa amebaki wodini, akasema dawa hazifanyi kazi tena na kwamba sasa tunahesabu miezi, tena michache. Akashauri mama aandikishwe kwenye huduma ya hospisi, wauguzi wawe wanamfuata nyumbani.

Kaka yangu alisimama kabla daktari hajamaliza. Alisema hospisi ni mahali pa kumtupa mtu angoje kufa, na mama yetu hatupwi. Tangu siku hiyo anazunguka kutafuta hospitali itakayokubali kumwanzishia dawa nyingine. Akatuapisha mimi na mdogo wetu tusimwambie mama lolote. Kwa hiyo anachojua mama ni kwamba amepumzishwa dawa ili apate nguvu, kisha ataendelea. Kila akiniuliza, "Tunarudi lini hospitali?" namjibu, "Karibuni, mama," halafu naenda kujifungia bafuni.

Bibi, mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Usiku maumivu yakimshika anauma shuka ili nisiamke. Anadhani sisikii. Daktari alimwandikia mofini ya maji, na chupa ipo, lakini kaka ameifungia kabatini. Anasema itamfanya mama kuwa teja, na kwamba dawa hiyo ukishampa mgonjwa ujue unamsindikiza. Tunampa vidonge vya kawaida vya maumivu ambavyo havifui dafu.

Kula nako ni vita ya kila siku. Nambembeleza, namlisha kijiko kimoja kimoja, wakati mwingine namfokea. Juzi nilipokuwa nabadilisha foronya nilikuta chini ya mto karatasi laini nyingi zimekunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na chakula kilichotafunwa. Alikuwa anakiweka shavuni mpaka nitoke, ndipo anakitema. Mama yangu mzazi ananificha chakula kama mtoto, ili nisihuzunike.

Na lililonifanya niandike ni hili. Wiki iliyopita niliamka saa nane usiku nikamkuta amekaa kitandani, amewasha taa ndogo, boksi la picha za zamani liko mapajani. Anaandika kwa kalamu nyuma ya kila picha: jina la mtu, ni nani kwetu, mwaka. Nikamwuliza mbona halali. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nyinyi mtawasahau watu hawa."

Je, nimwambie ukweli, nivunje kiapo cha kaka? Hiyo mofini ni kweli inaua? Na hospisi si ndiyo kumkatia mama tamaa?

Wa Katikati

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale penye boksi la picha. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa nikiwahudumia watu ambao ugonjwa wao haukuwa na dawa tena, na nakuambia kwa moyo wangu wote: naamini mama yako anajua. Mtu anayengoja kupata nguvu arudi kwenye matibabu haamki saa nane usiku kuandika majina nyuma ya picha. Anajua, naye anawaficha nyinyi kama nyinyi mnavyomficha yeye.

Nitarudi hapo. Lakini tuanze na chupa iliyofungiwa kabatini, kwa sababu mtu anayeuma shuka usiku hana nafasi ya kuzungumza na wanawe, wala ya kusali, wala ya kuaga mtu.

Mofini ikianzishwa kwa kipimo kidogo kilichoandikwa na daktari, ikapandishwa taratibu kufuata maumivu, haimuui mgonjwa wa saratani. Hofu ya kaka yako naielewa inakotoka. Watu wengi wameiona mofini ikiletwa siku mbili za mwisho tu, mgonjwa akafariki, wakaunganisha mambo hayo mawili. Dawa ilicheleweshwa, ndiyo maana ikapishana na kifo mlangoni. Ingeletwa miezi mitatu kabla, wangemwona mgonjwa yuleyule akikaa, akicheka, akiuliza habari za watu.

Na uteja? Teja huifuata dawa kwa uchu hata pale inapomharibia maisha. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, chini ya uangalizi, ni nadra sana kufika huko. Mwili wake utaizoea, hilo ni kweli, na kwa hiyo isikatishwe ghafla. Lakini mwili kuzoea dawa ni jambo moja na uteja ni jambo jingine.

Mofini ya maji ya kawaida hukaa mwilini ikifanya kazi kwa saa 4 hivi. Ndiyo maana hutolewa kwa saa, hata kama wakati huo mgonjwa hasikii maumivu. Ukisubiri maumivu yaamke ndipo umpe, yatakuwa yametangulia kila siku. Kati ya dozi na dozi daktari huandika pia dozi ya ziada kwa ajili ya maumivu yanayoibuka ghafla. Siku mbili tatu za mwanzo mama atasinzia sana, pengine na kichefuchefu kidogo, na hayo kwa kawaida hupita. Lisilopita ni choo kuwa kigumu. Dawa ya kulainisha choo inatakiwa ianze siku ileile mofini inapoanza, na kama hamkupewa, idai. Nimeona wagonjwa wakiikataa mofini kabisa kwa sababu ya tumbo lililofunga wiki nzima, na ilikuwa ni uzembe wetu sisi, hawakustahili kuteseka.

Ila usiifungue chupa leo usiku kwa kukisia. Mwezi umepita na ini lake limeguswa. Asubuhi mpigie daktari aliyeiandika, mweleze maumivu yalivyo sasa, akupe kipimo cha leo. Mwulize pia kuhusu maumivu ya kongosho yenyewe. Maumivu haya huchimba tumboni yakatokea mgongoni, na wengi hupata ahueni wakikaa wameinamia mbele na kukumbatia mto. Ipo sindano ya kuzima mishipa ya fahamu iliyo nyuma ya tumbo, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza maumivu kwa wiki au miezi, na vipo vidonge vya vimeng'enya vinavyosaidia chakula kusagika kongosho linapolegea. Uliza kama vinamfaa. Na baada ya kuanza mofini, ukiona haamshiki, au anapumua taratibu mno, au anachanganyikiwa huku misuli ikimrukaruka, piga simu saa hiyohiyo.

Sasa hospisi. Neno hili limewatisha watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe, na inaniuma. Hospisi ya kisasa ilianzishwa na mwanamke wa Uingereza, Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akarudi darasani kusomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957, akiwa amekaribia miaka 40. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice huko London. Enzi hizo mgonjwa wa saratani aliachwa mpaka alie ndipo apewe dawa. Yeye alisisitiza dawa itolewe kwa saa, kabla ya kilio. Tena alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeondoka hayamo mwilini tu. Yamo kwenye hofu, kwenye ugomvi wa watoto, kwenye deni ambalo halijalipwa, kwenye maswali anayomwuliza Mungu wake, na ukitibu tumbo peke yake umeacha kazi nusu. Ndiyo maana hospisi huja kama kundi: daktari, muuguzi, mtu wa ustawi wa jamii, mshauri wa kiroho kwa anayemtaka, na watu wa kujitolea. Mara nyingi si jengo hata kidogo. Ni muuguzi anayebisha hodi kwenu, na namba ya simu ya kupiga mambo yakiharibika usiku.

Mwambie kaka yako jambo hili pia. Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wote walipewa matibabu ya kawaida ya saratani, lakini nusu yao waliongezewa tiba shufaa tangu mwanzo, yaani huduma hizihizi za kutuliza maumivu na kumtegemeza mgonjwa na familia. Waliopata tiba shufaa waliishi vizuri zaidi, wachache zaidi kati yao walikuwa na huzuni nzito, na ingawa walipewa matibabu makali machache zaidi mwishoni, waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa miezi 11.6 kwa 8.9. Saratani ile si hii ya mama, na mama yuko mbele zaidi katika safari yake, kwa hiyo siwezi kukuahidi miezi. Ninachosema ni kwamba kumtunza mtu hivi hakumwondoi duniani mapema. Na mlango wa hospisi haufungwi kwa nje. Akipata nafuu, au ikitokea dawa ya maana, mnaweza kutoka.

Kaka akikipata hicho anachokitafuta, muulizeni daktari maswali mawili tu: dawa hii itampa mama nini, na itamtoza nini? Kama jibu ni siku chache kwa gharama ya kutapika na kulazwa, basi mwenye kuamua kama biashara hiyo inamfaa ni mama mwenyewe.

Namkumbuka mama mmoja fundi cherehani niliyemhudumia. Alipokuja kwetu alikuwa amejikunja kama mtoto tumboni, hataki kuguswa. Siku ya tatu ya mofini alinyoosha miguu. Siku ya tano akaomba aletewe gauni la mjukuu wake alilokuwa ameliacha bila pindo. Cherehani hakuiweza tena, akashona kwa mkono, vidole vitatu vya uzi asubuhi, vidole vitatu jioni, katikati analala. Kila tulipomgeuza tulikuwa tunahakikisha sindano haijapotelea kwenye shuka. Alilimaliza. Wiki zile tatu hakuwa anangoja kufa, alikuwa na kazi. Na sisi kazi yetu yote ilikuwa kulinda zile saa zake mbili za nguvu: tulimwogesha baadaye, wageni wakaja baadaye. Mchunguze mama, utajua saa zake nzuri ni zipi. Usizimalizie kwenye kuoga na kulazimishwa kula.

Kuhusu kula, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nadhani hapa ndipo unapojitesa zaidi. Mama hakondi kwa kukataa chakula chako. Ugonjwa wa namna hii ukifika mbali hubadilisha jinsi mwili unavyotumia chakula, njaa huondoka, na hata ukimshindilia, mwili haujengi tena. Humwongezea tu kichefuchefu, tumbo kujaa na hatari ya kupaliwa. Kwa hiyo vita hii iache leo. Mpe kidogo anachokitamani, wakati anaotaka, kwenye kisahani kidogo kisichomtisha, na akisema basi, kiondoe kwa tabasamu. Akifika mahali hawezi kumeza, lowesha midomo yake kwa kitambaa laini chenye maji, mpake mafuta isipasuke, safisha kinywa mara kwa mara. Huko nako ni kulisha. Na zile karatasi usimwambie uliziona. Mwambie tu, "Mama, kuanzia leo usiposikia njaa, usile. Sitakasirika." Utaona mabega yake yatakavyoshuka.

Ya mbele nitayapitia upesi, maana muuguzi wa hospisi atakuelekeza kwa vitendo. Mgeuzeni kila baada ya saa chache asitoke vidonda vya kulalia. Pumzi ikimbana, mwinueni mgongo, fungueni dirisha, mpepeeni usoni. Mofini kidogo nayo husaidia pumzi. Siku za mwisho atalala muda mwingi, mikono na miguu itapoa na kubadilika rangi, pumzi itakuja na kukatika kisha irudi, na pengine kooni kutasikika mkoromo. Mkoromo ule hututisha sisi kuliko unavyomsumbua yeye. Endeleeni kuzungumza naye. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi saa chache kabla ya kufariki, wakiwa hawajitambui tena, na baadhi yao ubongo uliitikia sauti.

Na wewe je? Umeacha kulala. Hospisi inakuhusu wewe pia, mwambie muuguzi hivyo siku ya kwanza. Mdogo wenu, hata kama analia tu, mpe usiku mbili kwa wiki akae na mama. Kulia na kukaa zamu vinaweza kwenda pamoja, na huenda zamu ikamsaidia kuliko machozi ya peke yake.

Sasa kiapo. Mwanangu, habari ile ya wodini ilikuwa ya mama. Nyinyi mliipokea kwa niaba yake, mkakaa nayo. Kaka yako hakufanya hivyo kwa ubaya. Anampenda mama yake, na anakimbia hospitali hadi hospitali kwa sababu miguu ikisimama atalazimika kuona. Kabla hujazungumza na mama, zungumza naye, wawili, bila mabishano. Usimwambie, "Unakosea." Msimulie shuka inavyoumwa usiku. Msimulie boksi la picha, maana yeye halali chumba kile, hakuliona. Mwambie utamwomba daktari au muuguzi aje, na mama akiuliza, hutamdanganya tena. Ni bora ajue kwako kuliko kushtukia.

Wapo wagonjwa wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Kwa hiyo huanzi kwa kutangaza, unaanza kwa kuuliza. "Mama, wewe unaionaje hali yako?" Halafu unyamaze, hata ukimya ukiwa mrefu. Akikuuliza, "Tunarudi lini hospitali?" unaweza kumjibu, "Unataka nikueleze daktari alivyosema, au unataka tuzungumze mengine?" Akisema eleza, sema kwa maneno mafupi ya kweli: dawa za saratani zimeacha kusaidia, zipo dawa za kukuondolea maumivu, na hatutakuacha. Usimpe hesabu ya miezi asipoiomba. Akilia, lia naye. Hakuna aliyekufa kwa kuambiwa kwa upole jambo analolijua, lakini nimewaona wengi wakiondoka na maneno waliyoshindwa kuyasema kwa kuwa kila mtu chumbani alikuwa anajifanya.

Baada ya hapo, siku nyingine, si siku hiyo, mwulize anataka siku zake zifanyweje. Anataka awe wapi hali ikizidi, nyumbani au hospitali? Nani amsemee akishindwa kusema? Moyo ukisimama, anataka ushtuliwe au aachwe kwa amani? Nani angependa kumwona, na nani hapendi? Yaandike, asaini kama anaweza, nakala apate daktari. Akitaja kitu kidogo kinachoonekana cha kipuuzi, kitu hicho ndicho cha kukishughulikia kwanza.

Na usiku ukiamka ukamkuta tena na lile boksi, usimwulize mbona halali. Panda kitandani ukae pembeni yake, chukua picha iliyo juu, umwulize, "Huyu nani, mama?"